SHINA LILILOFICHWA ARDHINI

Andiko: Waebrania 12:14-15



Kuna ua la porini ambalo wengi wetu tumelipanda nyumbani. Linatambaa vichakani, ncha za majani yake zinajisokota na kushika seng'enge. Petali zake zimepinda kurudi nyuma, nyekundu na njano kama ndimi za moto. Wanasayansi huliita Gloriosa superba. Ni zuri kweli, lakini mmea wote una sumu, na kiazi chake ndicho hatari zaidi. Mtu akidhani ni kiazi cha kula, anaweza kufa. Wazazi, angalieni watoto.

1. Uzuri wa juu hauonyeshi kilicho chini. Unaweza kuimba kwaya, kutoa sadaka, hata kuhubiri, na chini kuna shina la uchungu.

2. Kukauka si kufa. Wakati wa kiangazi mmea huu hupotea kabisa. Mvua ikija, unachipuka tena, kwa maana kiazi kilikuwa hai. Ndivyo tunavyosema, "Mimi nilishasamehe." Halafu kwenye matanga yule ndugu anasimama kuongea, na moyo unawaka upya.

3. Ni lazima kuchimba. Mimi mwenyewe nilikaa miaka minne bila kusalimiana na ndugu yangu kwa sababu ya mpaka wa shamba la baba. Nilifundisha msamaha hapa Kitale, na nikienda Bungoma nilipitia njia nyingine nisione boma lake. Jumamosi moja nikapanda matatu, nikapita Kiminini, Kamukuywa, mpaka kwake. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nimekukosea." Alinyamaza kwa muda, kisha akamwita mkewe alete chai. Mpaka haukuisha siku ile. Baadaye tulimwita mpima ardhi. Lakini tulimwita tukiwa wawili.

Mpendwa, kusamehe si kusema ati hukuumizwa, wala si kuacha haki yako. Ni kukataa sumu isikae moyoni mwako, kwa sababu andiko linasema shina hilo huwatia wengi unajisi. Watoto wako wanajua ni boma gani hamwendi.

Zoezi la wiki: Taja jina moja mbele za Mungu. Kabla ya Jumapili, piga simu au nenda.

Ombi: Bwana, chimba moyo wangu. Usiniachie hata kipande. Kwa jina la Yesu, Amina.