Duka la Pikapu: Leseni na Ushuru Ukivuka Mto Athi

Barabara ya lami kutoka Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo hadi mjini Kitui imewarahisishia kazi wanaouza bidhaa kutoka kwenye pikapu. Mchuuzi wa sufuria huuza Kibwezi leo, kesho yuko Mutomo, na usiku analala garini akilinda mali. Riziki yake ni kufuata siku za soko. Akikosa moja, pesa za mafuta hazirudi.

Mara nyingi siku hiyo hupotelea kwenye karatasi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kila kaunti kazi ya masoko na leseni za biashara. Kwa hivyo leseni ya Makueni si leseni ya Kitui, hata kama ni mto tu umevukwa. Ushuru wa soko ni jambo jingine: aliye na leseni asidhani amemaliza. Anapolipa, adai risiti na kusoma tarehe na jina la soko kabla mkusanyaji hajaondoka.

Lakini Kifungu cha 209(5) kinakataza kaunti kutoza kwa namna inayodhuru biashara kati ya kaunti au usafirishaji wa bidhaa. Anayepita tu, turubali likiwa limefungwa, si sawa na aliyetandaza sufuria sokoni. Akitozwa njiani bila kuelezwa ni ada gani, ahifadhi risiti na kuipeleka ofisi ya mapato ya kaunti husika.

Kwa mgeni sokoni, pa kuanzia ni kwa msimamizi wa wadi, kabla ya kupakia gari.