Kuitunza Mashine ya Kukatia Majani

Nataka kueleza kidogo juu ya kazi inisaidiayo kulipa karo. Wakati wa likizo mimi na kaka yangu hukata majani katika nyua za Kololo na Muyenga. Mvua za Kampala zinyeshapo, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, majani hayangoji.

Mwaka jana injini ilizimika katikati ya kazi. Tukampoteza mteja, na fedha za karo zikaenda kwa fundi wa Katwe. Aliifungua akakuta chujio la hewa limejaa vumbi, na oili nyeusi kama lami. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku ile nafuata kanuni hizi.

Kwanza, pima oili kila asubuhi. Ibadilishe baada ya saa 25 hivi za kazi. Pili, safisha chujio. Tatu, petroli isikae zaidi ya mwezi, maana huacha utando katika kabureta. Nne, kabla ya kugusa kisu chomoa waya wa plagi, usije ukakatwa vidole. Na ukiilaza mashine, chujio lielekee juu lisiingiwe na oili. Tano, kisu kikisha kunolewa kitundike msumarini; upande ushukao ndio mzito, upunguze kwa tupa. Kisu kisicholingana huitikisa injini mpaka ikaharibika.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.