Mizani haijui ya jikoni usiku

Shangazi, nina miaka 38 na kilo 104. Nilikwenda kliniki kwa ajili ya presha, nikapewa dodoso la maswali kuhusu ulaji wangu, ati wanapima ugonjwa wa ulaji. Niliona nadhihakiwa. Huo si ugonjwa wa waliokonda? Nikajibu uongo. Sikuandika kwamba watu wakishalala mimi huingia jikoni, nikala wali uliobaki mpaka tumbo liume, kisha nikalia. Nifanyeje?
Mama Wawili, Tanga

Mwanangu, hukudhihakiwa. Upo ugonjwa wa kubugia chakula, na tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unautambua kama maradhi yanayojitegemea. Huwapata wanene na wasio wanene. Daktari huangalia kama mtu hula chakula kingi mno kwa muda mfupi, akishindwa kujizuia, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Huuliza pia kama anakula bila njaa, kwa kujificha, na kama hujichukia baadaye. Uliyoniandikia yanakaribia hayo, lakini mwenye kuthibitisha ni daktari, si mimi.

Sasa hilo dodoso. Mojawapo linalotumika sana, EDE-Q, huuliza kuhusu siku 28 zilizopita. Baadhi ya maswali yake yanahitaji uangalifu kwa mtu mnene. Likikuuliza kama unajinyima chakula au unatamani kupungua, huenda ukajibu ndiyo, kwa sababu pengine daktari wa presha ndiye aliyekuagiza! Alama za hapo zikipanda, peke yake hazisemi kwamba unaumwa. Swali zito ni mara ngapi umekula ukashindwa kuacha. Nalo ndilo ulilolijibu uongo.

Rudi kliniki, useme wazi kwamba majibu ya kwanza hayakuwa ya kweli, uombe kujaza upya. Kabla ya kwenda, andika kwa wiki moja saa uliyokula na ulivyojisikia, usihesabu vijiko. Wala usiruke chakula cha mchana ili kulipia cha usiku, maana njaa ya mchana huweza kukurudisha jikoni. Ulimi ukiwa mzito, mpe daktari barua hii aisome.

Ugonjwa huu una tiba, hasa ya mazungumzo na mtaalamu. Mizani itampa daktari kilo zako. Ya usiku atayajua ukimwambia wewe.