Leseni ya Biashara Si Cheti cha Wakala: Jinsi ya Kumchagua Wakala wa Ardhi na Nyumba

Mkazi anayetafuta ploti au nyumba ya kununua mara nyingi hukutana na dalali kabla ya kukutana na mwenye mali. Dalali ndiye aliyebandika bango kando ya barabara, ndiye anayepokea simu, na ndiye anayempeleka mteja kuona mahali. Baadhi yao ni wataalamu waliosomea kazi hiyo na kusajiliwa kisheria. Wengine hawana usajili wowote, na mteja hugundua hivyo baada ya kulipa. Somo hili linaeleza jinsi ya kuwatofautisha mapema, na pia mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyakagua hata akiwa na wakala aliyesajiliwa.

Nani humsajili wakala?

Nchini Kenya, kazi ya uwakala wa ardhi na nyumba inasimamiwa na Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533 ya Sheria za Kenya. Sheria hiyo iliunda Bodi ya Usajili ya Mawakala, ambayo wengi huijua kwa kifupi kama EARB. Anayewaunganisha wauzaji na wanunuzi, au wenye nyumba na wapangaji, kama kazi ya kulipwa anatakiwa kusajiliwa na bodi hiyo. Bodi huangalia elimu na uzoefu wa mwombaji, na ina uwezo wa kumwondoa kwenye orodha wakala anayekiuka maadili ya kazi. Kufanya kazi hii bila usajili ni kosa kisheria.

Hapa ndipo wakazi wengi huchanganyikiwa. Serikali ya kaunti haisajili mawakala. Leseni ya biashara inayoning'inizwa ukutani huonyesha kwamba ofisi hiyo imelipia ada ya kuendesha biashara mahali hapo. Haithibitishi kwamba mwenye ofisi amehitimu kuuza ardhi. Hali ni hiyo hiyo kwa cheti cha usajili wa kampuni na PIN ya KRA. Stakabadhi hizo zote ni halali, lakini hakuna hata moja inayoonyesha kama mtu huyu amesajiliwa na bodi ya mawakala.

Jinsi ya kumkagua wakala

Kwanza, mteja aombe kuona cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu. Cheti hicho hutolewa upya kila mwaka, kwa hivyo cha mwaka uliopita hakitoshi, hata kama kimewekwa kwenye fremu nzuri.

Pili, alinganishe jina lililo kwenye cheti na kitambulisho cha mtu anayezungumza naye. Katika kampuni yenye wauzaji wengi, huenda ni mkurugenzi mmoja tu aliyesajiliwa. Mteja aulize ni nani huyo, na kama yeye ndiye atakayetia sahihi kwa niaba ya ofisi.

Tatu, athibitishe jina hilo kwa bodi yenyewe. Bodi huchapisha orodha ya mawakala walioruhusiwa kufanya kazi. Nakala ya cheti iliyotumwa kwa simu inaweza kughushiwa, lakini orodha iliyo mikononi mwa bodi haiwezi kubadilishwa na dalali.

Nne, aombe barua inayoonyesha kwamba mwenye mali amempa wakala huyo kazi ya kuuza. Wakati mwingine madalali watatu hutangaza ploti moja, kila mmoja kwa bei yake, huku mwenye ploti akimjua mmoja tu au asimjue hata mmoja.

Tano, malipo ya wakala yakubaliwe kwa maandishi mapema: ni kiasi gani, yatalipwa na nani, na yatalipwa lini. Wakala anayedai pesa za kuonyesha mahali, kisha za fomu, kisha za kuharakisha mambo, huku akikataa kutoa risiti, ni wa kuepukwa.

Maswali ya kumpima

Wakala anayeijua kazi yake hujibu maswali ya kawaida bila kukasirika. Mfano ni ploti zinazotangazwa kama "50 kwa 100" na kuitwa sehemu ya nane ya ekari. Ekari moja ina futi mraba 43,560, kwa hivyo sehemu ya nane ni futi mraba 5,445. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina futi mraba 5,000 pekee. Wakala mwaminifu hulieleza jambo hilo mwenyewe, na humwonyesha mteja ukubwa ulioandikwa kwenye hati kwa hekta.

Mteja anaweza kuuliza pia: Je, ugawaji wa shamba hili umeidhinishwa na idara ya mipango ya kaunti? Kila ploti ina hati yake, au bado zote ziko chini ya hati mama? Mpimaji ardhi aliyeidhinishwa ameonyesha bikoni? Kama ni ardhi ya kilimo, idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi itaombwa lini? Kama ni nyumba ya familia, mke au mume wa muuzaji amekubali?

Cheti cha wakala hakisafishi hati

Wakala aliyesajiliwa bado anaweza kuletewa ardhi yenye kasoro. Kwa sababu hiyo, mnunuzi afanye upekuzi rasmi, ule ambao wengi huuita sachi, kwa msajili wa ardhi au kupitia mfumo wa Ardhisasa katika maeneo unakotumika. Upekuzi huonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, na kama kuna mkopo wa benki au zuio. Ni vyema mnunuzi au wakili wake aufanye mwenyewe badala ya kutegemea karatasi iliyoletwa na muuzaji.

Historia ya hati nayo ni muhimu. Mwaka wa 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hati iliyotokana na ugawaji usiofuata sheria haimlindi mnunuzi, hata kama yeye mwenyewe alinunua kwa nia njema. Kwa hivyo haitoshi kujua hati iko kwa jina la nani leo. Mnunuzi amwombe wakili afuatilie jinsi ardhi hiyo ilivyotolewa mara ya kwanza, hasa ikiwa iko karibu na barabara, ufuo, msitu, shule au soko.

Katika ofisi za kaunti, mnunuzi aulize kama kuna deni la kodi ya ardhi, na kama ramani ya ugawaji imeidhinishwa. Baadhi ya ploti huuzwa mahali palipotengewa barabara au uwanja wa umma.

Pesa zilipwe wapi?

Sheria inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na ushuhudiwe. Makubaliano ya mdomo na ujumbe wa simu havitoshi. Kwa kawaida, malipo ya kwanza huwa asilimia 10 ya bei. Kwa ploti ya shilingi 800,000, hizo ni shilingi 80,000. Pesa hizo zisitumwe kwa M-Pesa ya dalali. Ni salama zaidi zipitie akaunti iliyotajwa kwenye mkataba, kama vile akaunti ya wateja ya wakili, na risiti itolewe.

Mnunuzi pia atenge ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani ya ardhi mijini na asilimia 2 mashambani. Kwa ploti hiyo hiyo, ni shilingi 32,000 mjini au shilingi 16,000 mashambani. Anayeambiwa kwamba bei "inajumuisha kila kitu" aombe hesabu hiyo kwa maandishi.

Mambo yakiharibika

Malalamiko kuhusu mwenendo wa wakala aliyesajiliwa hupelekwa kwa bodi. Penye ulaghai au hati ghushi, mkazi apige ripoti katika kituo cha polisi na kupata nambari ya OB, kisha suala lifuatiliwe na wapelelezi wa DCI. Atunze risiti, ujumbe wa simu, nakala ya cheti cha wakala na mkataba. Asiye na nakala hizo hupata shida kuthibitisha hata kwamba alilipa.

Dalali akisema kuna mteja mwingine anakuja na pesa jioni, mkazi asikubali kuharakishwa. Kukagua cheti, kufanya upekuzi na kumwona wakili huchukua siku chache tu, ilhali kesi ya ardhi inaweza kuchukua miaka mingi.