Oili Isiyopanda Katika Injini Iliyofungwa Upya

Injini ya lori imefungwa upya, nayo imewaka vizuri. Lakini mshale wa geji ya oili uko chini. Hapo yafaa izimwe mara moja, kwa maana beringi zizungukazo bila oili huungua kwa dakika chache, na gharama yote ya matengenezo hupotea.

Kwanza fundi afunge geji nyingine iliyo nzima, kwani huenda ile ya lori ndiyo mbovu.

Ikiwa mshale haukupanda kabisa, pampu yaweza kuwa kavu, na pampu kavu haivuti oili. Hufunguliwa ikajazwa vaselini, wala si grisi, ambayo huweza kuziba njia. Bomba la kufyonzea likiwa na ufa huvuta hewa. Tena vile vizibo vilivyotolewa injini ilipooshwa, je, vyote vimerudishwa?

Ikiwa msukumo ni mwema injini ingali baridi, kisha huanguka ikipata moto, shaka kubwa ni beringi. Pampu kazi yake ni kupeleka oili tu. Wembamba wa nafasi kati ya beringi na shafti ndio uzuiao oili hata msukumo ukapatikana. Shafti ya unene wa inchi 2½ huachiwa nafasi ya karibu 0.0025 ya inchi, kipimo ambacho jicho haliwezi kukiamua. Shafti iliyochongwa ikapungua 0.010 ya inchi, kisha ikafungiwa beringi za kawaida, humwaga oili pembeni. Wengine hutia oili nzito zaidi. Mshale hupanda kidogo, na beringi huendelea kulika.