Waraka ni Nusu ya Kuonana: Maisha ya Askari Kambini Mbali na Jamaa Zake

Wazee wa pwani walisema kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Methali hii husemwa kila siku, lakini uzito wake ulijulikana hasa katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, yaani 1939 mpaka 1945. Katika vita vile zaidi ya Waafrika 300,000 wa Afrika ya Mashariki walitumika jeshini, na karibu 100,000 kati yao walitoka Kenya. Habari za mapigano yao zimekwisha kuandikwa katika vitabu vingi. Somo hili lahusu jambo jingine, nalo ni maisha ya askari katika siku zile asipopigana, ambazo ndizo zilizokuwa nyingi: namna alivyokaa kambini, na jinsi yeye na watu wa nyumbani kwake walivyojitahidi wasipoteane.

MTO TANA WAFANYWA BOMA

Tarehe 10 Juni 1940 Italia iliingia vitani. Wakati ule Waitaliani walikuwa wameshika Ethiopia na Somalia ya kusini, na majeshi yao yalikuwa mengi sana kuliko yale yaliyokuwako Kenya. Mwezi wa Julai Moyale iliachwa mikononi mwao. Baina ya mpaka wa Somalia na nchi za Kenya zenye watu wengi palikuwa na nyika kavu, na baada ya nyika hiyo palikuwa na Mto Tana. Basi mto huo, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, ukafanywa boma la kumzuia adui. Mahali pa kuvukia, kama Garissa, Bura na Garsen, pakapata maana mpya machoni pa wakubwa wa jeshi. Garsen ndipo njia itokayo Malindi kwenda upande wa Lamu inapokutana na mto, na mwenye kushika kivuko hushika njia.

Wapokomo, waliozoea kulima migomba, mpunga na mahindi kandokando ya maji, na Waorma, waliozoea kuwaleta ng'ombe wao mtoni wakati wa kiangazi, waliona sasa nchi yao imekuwa nchi ya malori na mahema. Walinzi wa mstari wa Tana walikuwa askari wa King's African Rifles, au KAR, pamoja na askari wa Nigeria na wa Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana. Hao wa Afrika ya Magharibi walisafiri baharini kwa kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema mpaka Mombasa. Wengi wa askari wa Nigeria walisema Kihausa, wala hawakujua Kiswahili. Walikuwa Waafrika katika Afrika, lakini kwa njia ya bahari kwao kulikuwa mbali kuliko Bara Hindi lilivyo mbali na Mombasa.

Adui wa kwanza wa askari pale mtoni hakuwa Mwitaliani. Alikuwa mbu. Tana ya chini ni nchi ya homa ya malaria, na askari aliyeacha chandarua au aliyetupa dawa yake aliweza kulala hospitali bila ya kusikia mlio wa bunduki. Tena palikuwa na mamba na viboko majini. Mto wenyewe, kwa kawaida, hufurika mara mbili kwa mwaka, mvua za masika na za vuli zinaponyesha katika Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Siku hizo barabara hugeuka matope, malori hukwama, na chakula pamoja na barua huchelewa.

SIKU YA KAMBINI

Siku ya askari ilianza kabla ya jua, kwa tarumbeta. Palifuata usafi, gwaride, mazoezi ya silaha, kuchimba mahandaki na kulinda zamu. Chakula kilikuwa ugali, maharagwe, nyama ilipopatikana, chumvi, na chai yenye sukari. Baadhi ya vijana waliotoka katika nyumba zenye upungufu walinenepa jeshini, na jambo hilo liliwashangaza jamaa zao walipowaona. Jioni watu walicheza mpira, bao au ngoma za makabila yao, na aliyekuwa na gazeti aliwasomea wenzake. Jeshi lilikuwa na magazeti yake ya Kiswahili, kama Askari na, kwa waliokuwa Asia, Heshima.

Kwa kuwa askari walitoka katika makabila mengi, walihitaji lugha moja. Kiswahili chao cha jeshini kiliitwa KiKAR. Kilikuwa na sarufi nyepesi, na mtu wa Lamu angeweza kukicheka, lakini kwa lugha hiyo mtu wa ziwani na mtu wa pwani waliweza kulindana usiku.

Yote hayo yaliushughulisha mwili. Moyo ulikuwa na kazi yake nyingine. Kazi ilipokwisha na taa kuzimwa, ndipo mtu alipowaza: Je, mvua imenyesha kwetu? Mtoto aliyeachwa tumboni amezaliwa salama? Ng'ombe wa mahari wametimizwa? Mama yu hai? Haya ndiyo maswali ya askari wa mataifa yote, wala hakuna ofisa awezaye kuyajibu.

TOKA TANA HATA BURMA

Mapema mwaka 1941 majeshi yaliondoka Tana na kuvuka nyika ya zaidi ya maili 100, ambamo maji yalikuwa na thamani kuliko petroli. Kismayu ilitwaliwa tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25 Februari, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Mtu aliyedhani kwamba sasa atarudi nyumbani alikosea. Mwaka 1942 wengine walipelekwa Madagaska, na wengine Ceylon, ambayo sasa huitwa Sri Lanka. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ikaingia Burma, nchi iitwayo sasa Myanmar, kuwafukuza Wajapani.

Safari yenyewe ilikuwa na hatari. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama katika dakika chache, na watu 1,297 wakafa. Wengi wao walikuwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika ya Mashariki.

Huko Burma, katika bonde la Kabaw, askari walitembea katika mvua isiyokoma, kwenye matope yaliyofika magotini. Malori hayakupita, basi vyakula vilidondoshwa kutoka ndegeni kwa miavuli. Mwezi wa Desemba 1944 walifika Kalewa na kuvuka mto wa Chindwin, na hapo mafundi wa jeshi wakajenga daraja lielealo la urefu wa zaidi ya futi 1,100. Kijana aliyezaliwa kando ya Tana angeliutazama mto ule na kukumbuka kwao. Lakini baina ya mito hiyo miwili palikuwa na bahari nzima.

BARUA NA MWANDISHI WAKE

Sasa msomaji na afikiri jinsi barua ilivyosafiri. Askari wengi hawakujua kuandika walipoingia jeshini. Mtu wa namna hiyo alimwendea mwenzake aliyesoma shule, au karani, akamwambia maneno yake. Kisha barua ilisomwa na mkaguzi wa jeshi, ambaye alifuta jina la mahali na habari za vikosi. Kwa hiyo mke aliipokea bila ya kujua mumewe yuko nchi gani, kwani anwani ilikuwa namba tu na jina la kikosi.

Makao ya Bwana Shauri wa wilaya ya Tana River zama zile yalikuwa Kipini, penye mlango wa mto. Toka huko, barua ya mtu wa kijiji cha juu ya mto ilitegemea mtumbwi, miguu ya tarishi, au msafiri mwaminifu. Ilipofika, mara nyingi ilihitaji tena msomaji. Waliokaa karibu na Ngao au Golbanti, ambako misheni zilianza tangu miaka ya 1880, walikuwa na bahati, maana walipatikana watu waliojifunza kusoma. Wengine walingoja.

Kwa njia hii neno moja la mume kwa mkewe liliweza kupita katika vichwa vitatu kabla ya kufika: mwandishi, mkaguzi na msomaji. Si ajabu kwamba wengi waliandika kwa kujificha. Mambo ya ndani ya nyumba hayasemwi mbele ya watu, basi yalitiwa katika mafumbo, au yaliachwa kabisa. Nusu ya karatasi ilijaa salamu, kila mtu kwa jina lake, maana aliyesahauliwa angeona kwamba amedharauliwa. Salamu ni heshima, walakini mara nyingi karatasi ilikwisha kabla ya habari kuanza. Askari alijua kwamba wote wanamsalimu, asijue kama watoto wana chakula.

Mahali pasipo habari, uvumi huingia. Mtu mmoja akirudi likizo na kusema neno la ovyo juu ya mke wa mwenzake, neno hilo lilifika kambini kabla ya barua ya mke mwenyewe. Hivyo ndivyo nyumba nyingine zilivyovunjika bila ya kosa.

FEDHA ZA NYUMBANI

Uzi wa pili uliomfunga askari na kwao ulikuwa fedha. Askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ikatwe kila mwezi na kulipwa kwa jamaa zake kupitia ofisi ya Bwana Shauri. Mshahara wenyewe haukuwa mkubwa, na Mwafrika alilipwa kidogo kuliko Mzungu wa cheo kile kile, jambo ambalo askari waliliona na hawakulisahau. Hata hivyo, katika nyumba ambayo mwanamume hayupo kulima wala kuchunga, shilingi chache zilizokuja kwa wakati wake ziliweza kununua mahindi wakati mto ulipoharibu shamba.

Lakini fedha zilileta pia mashauri. Nani ndiye apokeaye? Baba alisema, mwana ni wangu. Mke alisema, watoto ni wake. Ndugu alisema, mimi ndiye niangaliaye mifugo. Askari aliyetaja jina moja tu, bila ya kueleza matumizi, aliacha ugomvi nyuma yake. Askari aliyeandika wazi kwamba kiasi hiki ni cha mke na watoto, na kiasi hiki ni cha wazee, aliacha amani.

SI MWAFRIKA PEKE YAKE

Mtu asifikiri kwamba mateso haya yalikuwa ya watu wasiojua kusoma tu. Askari wa Australia, ambao karibu wote walijua kusoma na kuandika, walijua pia uchungu wa kungoja. Mwaka 1941 maelfu yao walizingirwa Tobruk, huko Libya, wakikaa katika mashimo ya mchanga, na barua zao zilitoka kwa meli zilizopita usiku kwa hatari. Singapore ilipoanguka tarehe 15 Februari 1942, wengi zaidi walitekwa. Kwa jumla Waaustralia wapatao 22,000 walikuwa mateka wa Wajapani, na karibu 8,000 walikufa. Mateka waliruhusiwa mara chache kutuma kadi ndogo ya maneno yapatayo 25. Jamaa wengine walikaa zaidi ya mwaka bila ya kujua kama mtu wao ni hai au amekufa.

Maneno 25! Mtu aliyepewa nafasi hiyo hakuipoteza. Aliandika kwamba yu hai, kwamba awakumbuka, kwamba wasikate tamaa. Kadi ile fupi ilihifadhiwa nyumbani kama dhahabu.

MAFUNZO

Vita vilikwisha mwaka 1945, na askari wa Afrika ya Mashariki wakaanza kurudi. Wengine hawakurudi. Katika makaburi ya vita ya Taukkyan, karibu na Yangon, pana ukumbusho wenye majina karibu 27,000 ya askari wa mataifa mengi waliokufa katika vita vya Burma na ambao makaburi yao hayajulikani. Kwa jamaa za watu kama hao, barua ya mwisho ndiyo kaburi.

Waliorudi walileta mambo mengi: ufundi wa udereva, dawa na simu, na hamu ya haki. Tena wengi walirudi wakijua kusoma, kwa kuwa walimu wa jeshi waliwafundisha kambini, na mara nyingi sababu ya kwanza ya kujifunza ilikuwa kutaka kuandika barua kwa mkono wao wenyewe. Mtu aliyechoka kumpa mwingine siri zake hujifunza herufi upesi.

Leo simu imefupisha njia, na tangu mwaka 2007 fedha hutumwa Kenya kwa simu ya mkononi. Hata hivyo bado wako watu wengi walio mbali na kwao, askari, mabaharia na wafanya kazi wa ng'ambo, na mambo yaliyowafaa askari wa zamani yanawafaa na hao. La kwanza, habari na itangulie, kisha salamu zifuate. La pili, fedha iendapo, na maelezo yake yaende pamoja nayo. La tatu, uvumi usiaminiwe kabla ya mwenyewe kuulizwa. La nne, aliye nyumbani asifiche shida mpaka ikomae, wala aliye safarini asijisifu kwa mali asiyo nayo. Kuonana hakutimizwi kwa waraka, lakini ile nusu yake yaweza kuishika nyumba isianguke mpaka mwenyewe arudi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini Mto Tana na vivuko vyake vilikuwa na maana kubwa mwaka 1940?
2. Ni mambo gani yaliyozuia barua ya askari kufika upesi na kwa siri?
3. Ugomvi juu ya fedha za askari ulitokana na nini, na ungeliwezaje kuepukwa?
4. Kama ungepewa maneno 25 tu ya kuwaandikia watu wa nyumbani kwako, ungeandika nini?