Malengelenge yanapotokana na seli kuachana

Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa majuma matatu hakifai kupuuzwa. Wengi hudhani ni ukosefu wa vitamini, wakasukutua kwa maji ya chumvi, wakanunua dawa dukani, na kidonda kikabaki pale pale. Baadaye malengelenge huzuka kifuani, mgongoni na kichwani, yakapasuka upesi na kuacha ngozi mbichi kama iliyoungua. Huenda huo ukawa ugonjwa wa pemfigasi.

Ili kuuelewa, yafaa tujue kwanza jinsi ngozi inavyoshikamana. Seli za mwili hazikurundikwa tu kama maharagwe guniani. Kila moja imefungwa kwa jirani zake kwa vifungo vidogo mno. Katika utumbo viko vinavyoziba nafasi baina ya seli, ili uchafu usipenye ovyo hadi damuni. Katika moyo viko vilivyo kama vijitundu, vinavyopitisha umeme kutoka seli hadi seli ili moyo upige kwa pamoja. Ngozini kazi kubwa hufanywa na desmosomu. Hizi ni kama vifungo vya shati: kwa ndani zimeshika nyuzi imara za seli, na kwa nje protini iitwayo desmogleini hushikana na ya seli jirani. Ndiyo maana unaweza kusugua mgongo kwa nguvu usichubuke.

Kwa mgonjwa wa pemfigasi, kingamwili, ambazo ni askari wa mwili, huigeukia desmogleini na kuishambulia. Seli huachana, maji hujaa katikati, na lengelenge hutokea. Ngozi ikisuguliwa kidogo tu huweza kubambuka.

Hapo ndipo majirani huanza kunong'ona juu ya uchawi, au kumtengea mgonjwa sahani yake. Ni kumwonea bure. Ugonjwa huu hauambukizi hata kidogo.

Kabla ya miaka ya 1950 wagonjwa wengi walifariki, hasa kwa viini vilivyoingia kupitia vidonda. Dawa za steroidi, kama vile prednisoloni, zilibadili hali hiyo. Lakini zina madhara yake: hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa, na ni hatari kuziacha ghafla bila ya idhini ya daktari. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha rituksimabu kwa ugonjwa huu. Hupunguza seli zinazotengeneza kingamwili, ila ni ghali.

Daktari wa ngozi huthibitisha ugonjwa kwa kukata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe kwa darubini. Mwombe akufanyie kipimo hicho kabla ya kupaka mafuta yoyote uliyoshauriwa na rafiki.